Nichague mashine gani ya mvuke ili mke wangu arudi?

Shikamoo Mama Oliva. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwuliza jambo hili nikamwangalia usoni. Naitwa Vicent, ni mkulima wa Gehandu, Hanang, na nina gari dogo la abiria ninalomiliki pamoja na kaka yangu Sylvester. Swali langu ni la mashine ya kusafishia kwa mvuke, ya nyumbani na ya gari, lakini siwezi kuliuliza bila kueleza lilikotoka, naomba univumilie.

Wakati wa masika mke wangu Irene alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, ilikuwa mimba yetu ya kwanza, nikamlaza siti ya nyuma nikaondoa gari kwenda hospitali Katesh, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, tulipofika korongoni maji yamejaa, hakuna gari linalovuka, tukangoja, na Irene akawa amenishika shati ananiambia, "Vicent, huyu hangoji maji," na kweli hakungoja, mtoto alizaliwa palepale kwenye siti, wa kike, akalia kidogo kama mtu anayekohoa, halafu akanyamaza, sikujua la kufanya, nikamfunika na koti langu nikawa namsugua mgongo mpaka maji yakapungua tukavuka, lakini alikuwa ameshaondoka. Irene alipoteza damu nyingi, hospitali wakamwongezea, Mungu akamnusuru. Mtoto tulimzika pembeni ya shamba, wanaume tu, Irene akiwa bado wodini, wazee walisema maziko yasicheleweshwe.

Damu iliingia mpaka ndani ya sponji ya siti. Niliosha kwa sabuni, nikasugua kwa brashi, harufu ikabaki, abiria wakawa wanaulizana, na kaka akasema gari haliwezi kukaa tu, tutafute mashine ya mvuke, itasafisha siti na godoro la ndani pia, maana Irene aliendelea kutokwa damu hata baada ya kurudi. Tukaenda Babati, muuzaji akatuonyesha mbili, ndogo ya kushika mkononi na kubwa ya magurudumu, akatuazima ile ndogo tukaijaribu. Jumapili baada ya ibada tulivuta waya mpaka uani, kaka akapuliza mvuke kwenye siti, doa likageuka la kahawia, na harufu ya siku ile ikapanda yote, ya moto, nzito, mpaka nikarudi nyuma, na nilipogeuka Irene alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mnampika mwanangu?"

Kaka akamjibu, "Shemeji, tunasafisha gari tu."

Irene akarudi ndani. Kesho yake alipanda basi kwenda kwao Nambis, kule Mbulu, kwa mama yake. Simu zangu anapokea, anasalimia, basi. Anasema gari lile hapandi tena. Sasa kaka anasema ile ndogo haikuwa na nguvu, tuchukue kubwa, doa litoke lote, halafu nikamchukue mke wangu gari likiwa kama jipya. Mama, naogopa kukosea tena. Nichague ipi? Namba ya Irene nimeiweka hapa chini, ukiona inafaa mpigie, nilimwambia ninakuandikia na hakukataa.

Vicent, Gehandu


MAMA OLIVA ANAJIBU

Marahaba, Vicent. Pole sana mwanangu. Pole kwa mtoto, na pole kwa ule muda mliokaa korongoni.

Nianze na doa, kwa kuwa ndilo uliloniuliza. Damu haioshwi kwa kitu cha moto. Joto linaigandisha kwenye kitambaa kama yai kwenye kikaango. Ungeleta mashine kubwa kiasi gani, ingezidi kuishindilia ndani. Damu inataka maji ya baridi, mapema, unakandamiza kwa kitambaa safi bila kusugua. Kwa hiyo siti hiyo sasa hakuna mashine itakayoirudisha. Ni kazi ya fundi, abadilishe sponji na kitambaa. Lakini usiiguse kwanza. Nisikilize.

Umenieleza sponji, brashi, mvuke na magurudumu. Mwanao hukunitajia jina. Nikampigia Irene, nikamwuliza kama mtoto alikuwa na jina. Akasema, "Anaitwa Judica. Nilimpa mimi, mlemle kwenye gari, alipolia. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Aliniambia aliporudi kutoka wodini hakuna aliyempeleka kuonyeshwa kaburi. Maziwa yalikuwa yanamlowanisha gauni, na nyie mnajadiliana harufu ya siti. Halafu akasema, "Mama, kwenye ile siti ndipo nilipomwona akiwa hai. Sina mahali pengine."

Sasa unaelewa kwa nini aliuliza lile swali mlangoni.

Kwa yaliyotokea korongoni sikulaumu hata kidogo. Ulifanya ulichoweza na mikono yako. Ninachokulaumu ni haya ya baadaye. Umemfuata kaka yako kwa sababu ni rahisi kuinama juu ya siti na brashi kuliko kukaa karibu na mke anayelia. Unamkimbia, Vicent, na yeye ameliona hilo kabla yangu.

Mashine utanunua baadaye, na kwa nyumba na gari itakufaa. Ile ya mkononi maji yake yanaisha haraka. Chukua ya kati, yenye tanki la kuweka chini, bomba la kufika mpaka siti ya nyuma, kitufe cha kupunguza mvuke, na kifuniko kisichofunguka ndani kukiwa bado na moto. Fundi umeme aangalie kwanza kama nyaya za nyumba yako zinaibeba. Maji ya kisima yenye chumvi yataiziba, weka ya mvua yaliyochujwa. Usipulize kwenye dashibodi wala swichi. Godoro na siti zikauke kabisa juani, la sivyo zitaota ukungu. Hayo yametosha, mashine iache dukani.

Kwa sasa gari lipaki. Mwambie Sylvester, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba halitabeba abiria mpaka Irene aseme. Nenda Nambis. Ukifika wasalimie wakwe zako, ukae, na habari za mvuke usizifungulie mdomo. Mwambie Irene umekuja kuzungumza habari za Judica, kisha umwache aongee, hata kama maneno yake yatakuuma. Mwombe msamaha kwa maziko yale. Akikubali kurudi, nendeni kaburini wawili kabla hajaingia ndani, na siti aamue yeye ifanyweje. Na umpeleke hospitali. Ile damu iliyoendelea kumtoka lazima ikaangaliwe, na huzuni yake inahitaji muuguzi wa kukaa naye. Usijidanganye kwamba itapita yenyewe.

Kabla ya kukata simu nilimwuliza nikujibu nini kutoka kwake. Alisema, "Mwambie aje kwa basi. Nitampokea stendi."

Haya, nenda.