Tapiri Ubaoni, Swala Sufuriani

Likasi, Alhamisi, Novemba 1994. Mvua tangu asubuhi. Bati la darasa linavuja, chaki imelowa. Sina hasira, sina furaha. Niko tu.

Leo nilifundisha tapiri. Kitabu chetu cha biolojia kilitoka Ulaya, na hakuna mtu wa mtaa wetu wa Kikula atakayekutana na mnyama huyo wa misitu ya Amerika Kusini. Nilimchora ubaoni: pua inayochezacheza, mtoto mwenye mistari na madoa. Jike hubeba mimba miezi kumi na mitatu, kisha anazaa mmoja tu. Nikasema ukimuua jike wa namna hiyo, pengo lake halizibiki upesi.

Binti yangu Kapya yuko darasani mwangu. Shuleni ananiita Madame kama wenzake. Akanyoosha mkono.

"Madame, ni kama ile nyama papa alileta juzi? Ilikuwa na mutoto mu tumbo."

Wenzake wakainua vichwa. Wengi wao, baba zao wako porini wakitega kama papa wake.

Mume wangu alikuwa fundi kwenye kiwanda cha shaba cha Shituru. Tangu kazi ife, anafumua kebo za chuma apate waya wa kutegea wanyama porini, upande wa Shinkolobwe. Wazee walitega kwa kamba ya magome, ukiisahau, inaoza. Waya hauozi, na yeye mwenyewe hakumbuki mitego yake yote. Swala wa juzi nilimpasua mimi. Kale katoto nilikafukia nyuma ya jiko, nikadhani Kapya hakuona.

"Hapana," nikamjibu. "Ile ni tofauti. Andika."

Akaandika.

Si tofauti. Swala yule naye huzaa mmoja mmoja. Miaka kumi na moja niko ubaoni, na leo nimefundisha uongo kwa sababu ya aibu.

Jioni nilimwomba mume wangu akang'oe zile nyaya. Hakukasirika, aliwataja tu watoto.

"Bana batakula nini, mama Kapya? Tapiri yako ya mu kitabu?"

Nilicheka, maana ana haki. Kapya alikuwa amesukuma sahani yake ya nyama ile ya swala, na mtoto mwenyewe mwembamba vile. Nilimlazimisha. Alikula akiangalia chini, hadi mfupa.

Kesho, mbele ya wenzake, nitamwambia afute ile sentensi, kwamba yeye ndiye aliyesema kweli. Hilo nimeshaamua.

Lakini namjua binti yangu, atanyoosha mkono tena. Akiuliza, "Basi mbona tunakula?", atajibiwa na Madame, au na mama yake?