Zaina, Wamekuachia Salamu Tu

Shoga yangu Zaina,

Nina hasira, na nakuandikia nikiwa nazo, maana nikingoja zipoe nitaanza kuwatafutia watu udhuru. Tangu tukuzike sijakuandikia. Leo sina budi. Wamekufanya pambo.

Unaikumbuka ile video niliyokurekodi kibarazani kwenu, tumbo limekutangulia? Ulinikataza nisioneshe miguu kwa vile ilikuwa imevimba. Ukajitanda kanga vizuri, ukasema: "Asalaam aleikum. Naitwa Zaina. Zahanati yetu ina kitanda cha kujifungulia, mkunga hakuna. Mie uchungu ukinishika, niende wapi?" Basi uchungu ukakushika, ukafia njiani, wewe na mwanao, na swali lako mpaka leo hakuna aliyelijibu.

Jana wakubwa wa afya walikutana hapa mjini, ofisi yetu ndiyo mwenyeji. Slaidi nilitengeneza mimi, ndiyo kazi yangu. Video yako niliipa ukurasa wake peke yake: isianze mpaka nibonyeze, ijae kioo kizima, sauti juu, iishe, itoweke. Nikamkabidhi bosi. Bosi na vidole vyake visivyotulia akaifungua asubuhi, akaikata. Ati ndefu, ati inatia simanzi na wageni hawajanywa hata chai. Akabakisha salamu tu, akaibana pembeni ya jedwali la shughuli zetu, akaiweka ijianzie yenyewe na ijirudie. "Inachangamsha ukurasa," ndivyo alivyoniambia baadaye.

Ukatokea ukutani, mdogo kama picha ya kitambulisho. "Asalaam aleikum." Ukumbi mzima ukaitika, si unawajua watu wetu, salamu haiachwi hewani. "Asalaam aleikum." Wakaitika tena, wachache. Ya tatu wakaanza kucheka. Walikucheka, Zaina, na udongo wako haujakauka. Na bosi anaendelea kusoma jedwali lake.

Mamako alikuwepo. Nilimwalika mwenyewe, nikamketisha mbele. Kila ukisalimu, yeye anaitika: "Waaleikum salaam, mwanangu." Wenzake wameshanyamaza, yeye anaitika, maana kuitika ni wajibu, na huyo ni mwanawe. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mbona hasemi lingine?"

Nilikwenda nikachomoa waya. Bosi akaniita mtovu wa adabu mbele za watu, nikamwambia adabu aanze nayo yeye. Kazi sijui kama bado ninayo. Wageni wakapewa chai na sambusa, wakaenda zao.

Najua ungesema, "Mwanasha, nawe una moto, punguza." Sipunguzi. Na wewe pia nimekukasirikia, hodari wa kusubiri wewe. "Tutaona," ndilo lilikuwa neno lako kila nikikuambia uhamie kwangu huku mjini, Nguvumali, mpaka ujifungue. Tumeona nini sasa? Nyumba yangu ina kitanda cha wageni ambacho siwezi hata kukitandika.

Mdogo wako Rehema ana mimba. Tumbo limeshaonekana, na zahanati ni ile ile. Mwenyewe hataki kulizungumza, ukimuuliza anageuza maneno, anakuuliza bei ya nazi. Mamako hamwachi akanyage hata uani peke yake.

Video nzima ninayo kwenye simu, bosi hajaigusa. Jumatatu tunakwenda kwa yule daktari mkubwa aliyekaa kiti cha mbele jana, mimi, mamako na Rehema. Sibebi slaidi hata moja. Mamako atakusikia mpaka mwisho, hilo nakuahidi.

Mola akupanulie hapo ulipo, wewe na mwanao. Nitaiweka simu mezani kwa huyo daktari, nibonyeze mara moja. Ukishauliza uende wapi, nitaizima, na Rehema atakuwa amesimama mbele yake na tumbo lake. Hatutoki mle ndani mpaka amjibu.

Shogayo,
Mwanasha