Wanawake wa Kilongani Hawajajibu

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
9 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mguu unaendeleaje? Kaka Sheikhan na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, isipokuwa mamdogo Shaima bado anakohoa. Yeye anasema ni vumbi la duka lake la vitambaa. Mimi nasema ni jenereta za pale chini, kwa sababu umeme ukikatika tu moshi wake unapanda ngazi mpaka sebuleni kama mgeni aliyealikwa.

Nimekuelewa uliponikataza kukutumia sauti kwenye simu, nyumba ya kaka imejaa masikio. Barua hii anakuletea Vicky, yule Mchaga wa duka la jirani anayefuata bidhaa Maskati.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni nini hasa. Kuna kampuni inataka kusimamisha mitambo ya upepo baharini, kusini ya Kigamboni: nguzo ndefu zenye mapanga matatu matatu, zizalishe umeme. Mamdogo anaziita mapangaboi ya samaki. Ofisi yetu imepewa kupima nchi itapata nini na nani atapoteza nini, na sura inayohusu watu naiandika mimi. Faida haikunipa shida kuiandika: umeme usiosubiri mvua, ajira, na siku moja labda mtaa huu bila moshi. Hasara nayo ina mahali pake. Wakati wa ujenzi, misimu miwili mizima, mashua hazitaruhusiwa kuingia eneo lenye dagaa. Na ule waya mnene wa kuleta umeme nchi kavu utapandia ufukwe wa kijiji kinachoitwa Kilongani, kwenye mchanga uleule ambao wanawake wa pale wanaanikia dagaa wao.

Wiki iliyopita tulifanya mkutano huko. Wanaume walizungumza mpaka kivuli kikawahama. Wanawake walikaa nyuma, wamejitanda khanga. Bosi wangu, Leodegar, akawauliza mara mbili, "Akina mama, kuna mwenye pingamizi?" Hakuna aliyeinua mkono. Nikaandika: wanawake hawakuwa na pingamizi. Ni sentensi fupi kuliko zote katika sura yangu, na ndiyo ninayorudi kuisoma kila siku.

Mwanao,
Zeina


Maskati
12 Machi 2025

Mwanangu Zeina,

Waalaykum salaam, na marahaba. Ramadhani njema. Mguu hautaki kukunjwa, naswali nimekaa kitini, Mungu atapokea. Vicky kanifikishia barua na vitenge, na kanisimulia bei za Kariakoo yote kabla hajavua viatu.

Kaka yako kasikia habari ya mapangaboi yenu akasema, bwawa la umeme lipo, upepo wa nini? Nikamwambia bwawa linataka mvua, na mvua haijawekeana mkataba na mtu. Umeona, nakutetea hata kwa nisichokijua.

Sasa la muhimu. Ile Jumapili nilipokupigia nikakutajia habari ya Muaz, mtoto wa wale wenye duka la mazulia, ulinyamaza. Nilingoja, nikasikia pumzi yako tu. Na wewe umelelewa kwetu, unajua: msichana akiulizwa habari ya mume akanyamaza, amekubali, haya ndiyo inayomzuia kusema. Nikampigia mama yake nikamwambia, kanyamaza. Alilia kwa furaha, nikalia naye. Wataleta posa kwa mamdogo wako baada ya Idi.

Usianze kuchagua nguo peke yako. Nitakuja.

Mama yako mwenye furaha


Mtaa wa Msimbazi
6 Aprili 2025

Mama,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Natumai Idi imewakuta salama. Sisi ilitukuta, na akina Muaz nao wakatukuta. Walikuja na masinia ya halua. Nilikaa jikoni nikiwasikia wanacheka sebuleni, na walipoondoka nikamuuliza mamdogo:

"Nani aliwaambia nimekubali?"

"Mama yako."

"Na mimi nilisema nini?"

"Hukusema kitu. Ndiyo kukubali kwenyewe huko. Au ulitaka upige vigelegele peke yako?"

Mama, sikunyamaza kwa haya. Nilinyamaza kwa sababu nilijitafuta ndani nikakuta hakuna jibu, si ndiyo wala hapana. Nilikuwa bado natafuta, na wewe ukawa umeshalipeleka kwa watu. Nilikasirika kiasi kwamba nilitembea kwa miguu kutoka nyumbani mpaka ofisini, nikisukumana na mikokoteni, nikikuandikia barua kichwani. Barua ile ilikuwa mbaya kuliko hii. Nikafika, nikafungua kazi yangu, na mbele yangu ikawa ile sentensi: wanawake hawakuwa na pingamizi.

Nilichokuwa nikikulaumia wewe, nilikuwa nimewafanyia wanawake wa kijiji kizima, tena kwa maandishi.

Nilirudi Kilongani bila bosi na bila mwenyekiti wa kijiji. Nilimkuta mama mmoja, Siti, anageuza dagaa kwenye mikeka na wenzake. Nikamsaidia, vibaya, mpaka akaninyang'anya ufagio.

"Siku ile mbona mlinyamaza?" nikauliza.

"Mwanangu, mume wangu kakaa mbele, mwenyekiti kashika kipaza sauti, bosi wako anatazama saa. Ningeanzia wapi?"

"Mimi nilikuwa nangoja soda," akasema wa pembeni. "Na hazikuja."

Wakacheka. Nikawaambia, kwa hiyo hamtaki mitambo, nitaandika hivyo. Siti akaacha kufagia.

"Nani kakwambia hatutaki? Makubwa haya. Umetutoa kwenye ndiyo, sasa unatukimbiza kwenye hapana. Mwanangu wa kwanza anataka kazi huko. Mimi mwenyewe nataka friji la kuhifadhia mzigo. Na mchanga huu nautaka pia. Hebu tuacheni tusemezane wenyewe. Mpaka hapo usituandikie kitu."

Sasa imeandikwa: wanawake wa Kilongani hawajajibu. Leodegar ameniita. "Zeina, hii inakwenda kwa wenye mradi. 'Hawajajibu' siyo jibu." Nikamwambia ndiyo maana nimeandika hivyo. Hakunifukuza. Alisema nina mpaka mwisho wa Juni, na kwamba kila wiki ya kungoja itahesabiwa juu yangu.

Tafadhali waambie akina Muaz vivyo hivyo. Sijawakataa. Sijawajibu.

Mwanao,
Zeina


Maskati
20 Mei 2025

Zeina,

Salamu nimezipata. Sisi wazima.

Umenitia aibu, siwezi kukuficha. Mama yake Muaz sasa ananisalimia kwa ujumbe wa maua tu, hapigi. Nimekaa na barua yako muda mrefu, ndiyo maana nimechelewa.

Nilipoulizwa habari ya marehemu baba yako, nilinyamaza. Shangazi zangu wakatoka wakasema kakubali. Na kweli nilikuwa nimekubali, nilimtaka tangu siku alipokuja kufunga taa za harusi ya jirani. Kimya changu kilikuwa kimejaa. Nikadhani na chako hivyo hivyo. Sikujua kuna kimya kitupu.

Basi nakuuliza kama nilivyopaswa kukuuliza. Unamtaka Muaz, au humtaki?

Mama yako


Mtaa wa Msimbazi
13 Julai 2025

Mama yangu,

Assalaam alaykum, shikamoo. Mguu je? Mamdogo amelazwa siku mbili kwa kifua, sasa yuko nyumbani, anagombana na kila mtu, kwa hiyo amepona nusu. Daktari kamwambia akae mbali na moshi. Mamdogo akamwuliza, nihamie wapi, mwezini?

Uliniambia habari ya taa za harusi na mimi sikuwahi kuijua. Niliisoma nimesimama dukani, nikimshikia mamdogo duka, na mteja akaondoka bila kuhudumiwa.

Wanawake wa Kilongani wamejibu. Walikaa wenyewe nyumbani kwa Siti mara kadhaa, wakagombana, wakanuniana, kisha wakaniita. Mitambo wanaikubali. Waya hawaukubali kwenye mchanga wao. Upandie upande wa pili wa mikoko, ambako hakuna anayeanika. Na kwa ile misimu miwili, wanataka wajengewe chumba cha barafu kabla nguzo ya kwanza haijasimama, siyo baada. "Baada tunaijua," alisema Siti.

Nimeandika maneno yao kama yalivyo. Leodegar aliyasoma mbele yangu, akavua miwani. "Unajua kuzungusha waya mpaka kule kunaongeza gharama kiasi gani?" Najua, maana nilipiga hesabu mwenyewe na nimeiweka kwenye ukurasa unaofuata. Aliituma sura yangu bila kuibadilisha. Wenye mradi wamejibu kwa mstari mmoja: wanaufikiria upya wote.

Ndilo linaloninyima utulivu, Mama. Wakiuacha, wanawake watabaki na mchanga wao, hawatapata barafu, mtoto wa Siti hatapata kazi, na mamdogo ataendelea kumeza moshi. Leo umeme ulikatika mchana, jenereta zikawashwa mtaa mzima, nikamsikia anakohoa chumbani, na nikajiuliza kama ile sentensi ya kwanza, ya uongo, isingekuwa imeshatuletea nguzo. Nimepima mara nyingi. Kila nikimaliza kupima, upande mmoja una kifua cha mamdogo na upande mwingine una watu ambao hawakuulizwa, na sioni vipimo gani vinafaa kwa vyote viwili. Lakini nisingeirudisha.

Muaz alikuja dukani, peke yake. Akashika kitambaa, akakiachia, akashika kingine. Akasema, "Nasikia hukuulizwa." Nikasema ndiyo. "Sasa mimi nakuuliza." Nikamwambia sijui, na kwamba 'sijui' yangu siyo ya adabu, ni 'sijui' ya kweli. Akasema, "Basi sawa." Akanunua doti ya khanga ambayo sina hakika atampa nani, na hakuomba kupunguziwa.

Umeniuliza vizuri, Mama, na ninaona haya kukuletea mikono mitupu. Nipe muda. Mpaka hapo usinijibie.

Mwanao anayekupenda,
Zeina


Maskati
28 Septemba 2025

Mwanangu Zeina,

Waalaykum salaam, marahaba. Mguu umeanza kukunjika. Mwambie Shaima aje huku akapumzishe kifua, chumba kipo, na kaka yako nimeshamwambia, sikumwomba.

Vicky kaja mikono mitupu safari mbili. Mara ya kwanza nilimwambia apekue tena begi. Mara ya pili nikampa chai. Sijui wenye mitambo wameamua nini, na kaka yako akiniuliza namwambia sijaambiwa. Zamani ningemwambia wameiacha, au wameijenga, kulingana na nilivyoamka.

Mama yake Muaz kapiga simu jana, safari hii kwa sauti. Kauliza, Zeina anasemaje? Nikamwambia hajajibu. Kasema, lakini miezi yote hii kanyamaza, sasa hicho kimya chake sisi tukichukulieje?

Nikamwambia, msikichukue. Ni chake.

Mama yako