Nimeshuka Kisimani

Kaka Mulji,

Hatujambo. Nyati wa maziwa amezaa jike, na mama anakohoa kidogo tu.

Jumatatu bomba letu lilikauka, nikabeba mtungi hadi kisima cha ngazi. Nilishuka ghorofa zake zote tano chini ya ardhi hadi majini, nikipita nguzo na tembo wa mawe waliochongwa na babu zetu, ingawa watu wa tabaka letu hatujaruhusiwa kunywa humo hata siku moja. Mwenyekiti wa kijiji akafoka kutoka juu, “We Jethi! Unatutilia najisi!”

“Jasho la babu zetu lilidondokea humu, na nyinyi mkanywa,” nikamjibu. “Alikufa nani?”

Nikanywa akiniona. Jioni watu wake wakatuvunjia mlango. Usije kunichukua. Kesho tunashuka wanawake kumi na mmoja.

Mdogo wako,
Jethi