Dismas, Bastola Yako Inavuja Gesi

Dismas ndugu yangu,

Nimekaa mezani kwangu hapa Farsta, miguu imevimba, na bastola yako iko mbele yangu juu ya taulo. Usicheke. Nimesukuma vitanda vya wagonjwa tangu asubuhi, na badala ya kwenda kulala nimekaa nakitazama kitu hiki ambacho sikukipenda hata siku moja. Inavuja. Nikiijaza gesi inalia sss, sss, mpaka yote inaisha. Nimeiharibu mimi, na nitakueleza nimeiharibu vipi, ila kwanza upate habari za nyumbani.

Mama Neema yupo, anakula kidogo kidogo. Amerudi kazini kwake kule chekechea, na jioni Warundi wenzako wa kanisani bado wanapanda na masufuria yao mpaka nyumbani kwenu Hallunda kumwangalia. Koti lako anasema kila siku ataliondoa mlangoni. Neema anaendelea na chuo, na siku nyingine anakatiza hospitalini kwetu kwenda darasani, tunakutana koridoni. Ananisalimu, "Shikamoo, baba mdogo," halafu yote yanayofuata ni Kiswidi, na mimi namjibu kwa Kiswahili, vilevile mlivyokuwa mkizungumza wewe na yeye. Kazini nimepewa mwenzangu mwingine wa kusukuma naye, badala yako. Mpole, Mswidi, hana neno. Tunapanda lifti na kushuka kimya, na mimi nilizoea mtu anayenisimanga kutoka ghorofa ya chini mpaka ya juu.

Sasa sikiliza. Tulipoondoa matanga, Mama Neema aliniita jikoni. Akalisukuma sanduku la bastola mezani kwa ncha ya kanga, hakutaka kulishika kwa mkono. "Shemeji, ichukue hii. Mwambie Neema imeharibika." Kumbe mtoto alikuwa ametangaza anataka kushika nafasi yako kwenye mchezo wenu wa vita kule msituni Jumapili, acheze na kundi lako, na acheze na bastola yako, si nyingine. Nikamwambia mama yake kwamba Neema ni mtu mzima, sheria ya hapa inamruhusu, na kinachotoka mle ni kijipira cha plastiki. Akanitazama. "Binti mweusi, ndani ya treni, na kitu hicho kwenye begi. Siku akifungua begi kidogo tu na mtu akakiona, nani atasimama kuuliza kama ni mchezo?"

Alisema kweli, Dismas. Uliichagua makusudi isitofautiane na ya kweli. Si nilikuwepo? Tulikwenda dukani pamoja, na ukamchosha yule muuzaji kwa maswali. Ya springi ukaikataa, ukasema hiyo ni ya watoto. Ile inayotumia vichupa vya gesi kali ukaikataa pia, ukasema inapiga kwa nguvu na inajila yenyewe. Ulitaka ya gesi ya kawaida, chuma cha juu kirudi nyuma kila ukipiga, uzito ukae mkononi sawasawa. Na ukaniuliza mimi, mtu wa Kampala, kwetu watu wananunua gari gani. Nikasema, lile ambalo kila fundi wa kando ya barabara ana spea zake. Ukageuka kwa muuzaji: basi nipe bastola ya namna hiyo.

Ukafurahi mpaka ukanikera. Unajua kwa nini nilikereka, maana nilikwambia wewe peke yako. Kwetu, nilipokuwa mtoto, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Ukisikia mlangoni "fungua", hukuuliza ni nani, ulijua ni askari au mwizi, na mara nyingine walikuwa ni mtu mmoja. Nilifika nchi hii nikiwa nakijua Kiswahili cha amri tu: simama, toa, kaa chini. Wewe ndiwe uliyenipa kile kingine. Ulikuwa unaniita "Afande" mbele ya manesi kwa sababu hata chumvi nilikuwa naiomba kwa ukali. Pole pole nikajifunza kusema "naomba", nikajifunza kutania, nikajifunza kulia kwa Kiswahili bila aibu. Halafu siku moja, mtu huyohuyo aliyenitolea bunduki kwenye lugha, ananiwekea bastola mezani na kusema, "Ona, ndugu yangu, nzuri eh?"

Nikakuuliza, wewe uliyekimbia Burundi, hiki unakitakia nini? Ukasema, "Hii nikimpiga mtu, anainua mkono, anatoka, tunakunywa wote kahawa." Tangu siku hiyo nikawa nakusindikiza, sipigi, nakaa tu kwenye benchi na chupa ya chai.

Na masharti yako nayakumbuka, maana uliyasema kila Jumapili kama mtu anayenihubiria. Kidole kikae nje ya kifyatulio. Miwani haivuliwi mpaka wote waseme tumemaliza. Ndani ya treni sanduku halifunguliwi hata ukiulizwa na mtoto. Baridi ikiwa kali gesi inakufa nguvu, ndiyo maana magazini, lile kasha la vijipira na gesi, ulikuwa unaitia kwapani ndani ya koti, unatembea umebana mkono. Na lile kubwa kuliko yote: "Magazini hailali na njaa." Ibakishiwe gesi kidogo kila ikiwekwa, raba zake zisikauke.

Basi ililala na njaa, Dismas. Tangu ulipolazwa hakuna aliyeigusa. Nilipoifungua hapa kwangu raba zilikuwa kavu kabisa. Mimi nikafikiri kwa akili za kwetu: kitu kikikauka, unakipaka. Baridi ya nchi hii ikitupasua midomo tunapaka mafuta ya mgando, visigino mafuta ya mgando, mtoto akitoka kuoga mafuta ya mgando, mlango ukilia unaupaka hayohayo. Nikachota na kidole, nikapaka kila raba, vizuri, kwa upendo. Kichupa chako cha silikoni, mafuta yenyewe ya raba, kilikuwamo humo humo sandukuni. Nilidhani ni dawa yako ya macho. Baada ya siku chache raba zimevimba, zimelegea, gesi haikai.

Nikwambie ukweli? Nilifurahi. Nilikuwa sijui nitamdanganyaje mtoto wako, na sasa sikuwa na haja ya uongo. Imeharibika, basi, mama mtu apate usingizi, na mimi nilale Jumapili zangu.

Neema akaja. Nikamwambia, mwanangu, imeharibika. Hakubishana. Aliichukua magazini, akaisogeza puani, akanusa. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka hukohuko njiani kikawa kilio. Halafu akasema kwa Kiswahili, chako kabisa, na ile lafudhi yako: "Baba alisema. Alisema ikifika kwa baba mdogo, ataipaka mafuta ya mgando." Ulimwambia hivyo kitandani, siku nilizokuwa napita kukusalimu kati ya zamu na zamu. Na ukamwambia asiende msituni peke yake, aende na mimi.

Mimi hukuniambia. Dismas, nilikukasirikia. Nilikusukuma kitanda mwenyewe mpaka mwisho, wenzetu waliponiambia nipumzike nilikataa, na wewe umelala pale umeshanipangia kazi na huniambii. Labda uliogopa ningekataa. Ningekataa, ndiyo.

Neema akanifundisha. Raba mpya zinauzwa palepale dukani, hazina shida, kwa sababu ulichagua ile yenye spea. Alizitoa zilizovimba kwa kucha, akafuta mafuta yote, akanionyesha matone mawili ya silikoni yanawekwa wapi. Raba mpya atazileta wiki hii, ndiyo sababu leo bado inavuja nami bado naiangalia.

Ikabidi niende kwa Mama Neema. Alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia, shemeji, siwezi kusema imeharibika, inatengenezeka, na mtoto mwenyewe ndiye atakayeitengeneza. Nikamwambia na ulivyoagiza. Akayachambua mpaka yakaisha. Mwisho akasema, "Basi isikae kwangu. Isipande treni. Na likimpata jambo njiani usinitumie padri, usinitumie polisi. Uje wewe, upige hodi, uniambie kwa mdomo wako."

Nikamwitikia ndiyo.

Kwa hiyo bastola yako itaishi hapa Farsta, sandukuni, na gesi kidogo tumboni. Jumapili nitampitia Neema kwa kigari changu, nitakaa kwenye benchi na goti langu linalouma, atacheza mpaka atosheke. Itarudi sandukuni nikiwa naiona, na sanduku litafungwa nikiwa naliona. Nimekuombea kwa namna yetu, na padri wenu amekuombea kwa namna yenu, kwa hiyo lala, huna udhuru. Mimi nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka sana, na nimekukosa kila mahali, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu ya kulala. Lakini nakuahidi: nitamfikisha Hallunda, nitapanda naye ngazi, nitasimama naye mpaka mama yake afungue. Mlango ule sitaupigia hodi peke yangu.

Twaha