Hisa za Mafuta Ulizozitaka, Baba

Baba yangu mpendwa,

Kila asubuhi, Mama akiwa nje anawasha jiko, mimi huchukua simu yake na kuangalia bei ya hisa za ile kampuni ndogo ya mafuta. Kisha naomba Mungu ishuke. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeipenda.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiegesha lori la mafuta ghafi barabarani, ukitoka Turkana, na kukimbia hadi nyumbani kwetu mtaani Langas kunywa chai kabla ya kupanda milima ya Timboroa. Viatu vyako vilijaa mchanga. Mama alikufokea, "Baba Nekesa, huo mchanga umetuletea tujenge?" Ukacheka na kunigeukia. "Meneja wangu, mwambie mama yako siku moja tutakuwa na kipande chetu cha mafuta."

Ulifariki kabla ya kununua hata hisa moja.

Pesa zako za kazini zilipotoka, Baba Mdogo alikuja. "Shemeji, marehemu alitaka hivi. Saa hii hisa ziko bei ya mandazi! Mafuta yakipanda, huyu anaenda chuo bila harambee." Mama akanitazama. "Wewe ndiye umesoma biashara. Isome hiyo ripoti yao, uniambie ukweli." Mimi, Baba, ambaye darasani sikuwahi kuinua mkono hata nikijua jibu.

Niliisoma kwenye simu ya Mama kwa siku nyingi, kamusi ikiwa kando. Baba Mdogo hakudanganya. Visima vipo na vinatoa mafuta. Bei ya mafuta duniani ikipanda, hisa hizo zinaweza kupanda mara kadhaa. Lakini kampuni imekopa kupita kiasi, na sehemu kubwa ya inachopata inaenda kulipa riba. Bei ya mafuta haipangwi na wao. Ikishuka, deni linabaki pale pale. Halafu nikafika mahali panapoeleza kampuni ikivunjika nani atalipwa kwanza. Wanaoidai ndio wa kwanza. Wenye hisa ni wa mwisho kabisa.

Hapo niliweka simu chini. Nilikumbuka siku ya tatu baada ya kukuzika, tumekaa uani, na mzee wa ukoo akasema, "Mwenye kumdai marehemu aseme sasa." Fundi wa magari akasimama. Jirani wa maziwa akasimama. Akasimama pia mtu ambaye hatukumjua. Walisikilizwa wote, mmoja mmoja, ndipo sisi watoto wako tukagawiwa vilivyobaki. Mimi nilipata koti lako. Mwenye hisa, Baba, anakaa pale nilipokaa siku ile.

Nilimweleza Mama hivyo hivyo, akichambua mchele.

"Baba yako angesema nini?"

"Angenunua, Mama."

"Najua." Akajifuta macho kwa leso. "Lakini yeye alikuwa na mshahara. Sisi tuna hizi tu."

Alimwambia Baba Mdogo kwamba amekataa yeye mwenyewe, ili nisigombezwe. Baba Mdogo akachukua kofia yake. "Basi mmemzika na ndoto yake," akasema. Maneno hayo hayajaniondoka.

Tangu siku hiyo bei inapanda, kidogo kidogo. Baba Mdogo humwandikia Mama, "Unaona sasa, shemeji?" Najua deni la kampuni bado liko, na ningeulizwa tena ningejibu vilevile. Lakini ili mimi niwe sahihi, lazima kile ulichokipenda kianguke. Nikiomba kishuke naona kama nakusukuma wewe uanguke.

Leo imepanda tena. Nilikasirika. Kisha, kwa muda mfupi sana, nikafurahi kwa niaba yako, nikageuka kuelekea mlangoni nikuambie.

Jumamosi Mama anakuja huko kijijini kupalilia kaburi lako, na najua huwa anakusimulia kila kitu kwa sauti. Atakuambia kwamba ninaendelea vizuri, kwamba nina akili kama zako. Mwache aamini hivyo. Haya ya maombi yangu ya asubuhi, Baba, tafadhali usimwambie.

Binti yako