Lori Lako Limepanda Mlima

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kitini wala si kitandani, na kwamba mguu umeanza kukutii. Mama mdogo alituambia kwenye simu kuwa sasa unafika dirishani kwa gongo, na kwamba unagombana na gongo lenyewe. Tulicheka sana, baba akacheka kutushinda wote, kisha akatoka nje. Sisi huku ni wazima. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele na anasalimia kila mtu kwa mdomo wazi, hata wasiomjua.

Uliniagiza nikueleze habari za injini bila kuruka kitu, kwa kuwa baba ukimwuliza husema tu kwamba inaendelea. Basi nitajaribu.

Walipoishusha walikuta silinda zote sita, zilivyojipanga mstari mmoja, zimelika. Mzee mchongaji, yule mwenye mashine ya kuchonga vyuma nyuma ya gereji, akazipanua kidogo ili ziingie pistoni mpya. Turbo tumeipata kwenye lori jingine ambalo bodi yake imeoza. Niliazima kitabu cha injini maktaba ya shule, ndipo nikaelewa kwa nini uliitaka. Inazungushwa na moshi unaotoka, nayo inaisukumia injini hewa nyingi kuliko inayoweza kuvuta yenyewe. Siku ile kwenye mlima wa machimbo, lori lilipokushinda na kurudi nyuma na mawe yake mpaka mtaroni, lilikosa pumzi tu.

Kusoma huko kumeniponza. Mjomba sasa ananiita Kamusi. Nikipita na chai yeye huwauliza mafundi kama kuna aliyekwama na neno gumu, maana mtaalamu amefika. Unanijua, mama, mbele ya watu maneno hunikauka kooni. Ndiyo maana nilichelewa kusema nilichokiona.

Nilichokiona ni ringi za pistoni, zile pete za chuma zenye mwanya zinazoizunguka pistoni. Baba alikuwa akipima nafasi kati ya ncha mbili za kila ringi, nayo ilikuwa finyu mno, kama alivyozoea miaka yote. Unaijua kauli yake kwamba injini ni ile iliyobana. Lakini kitabu kinasema injini ya turbo hupata joto zaidi, chuma hutanuka, na ncha zikigusana ringi hukosa pa kwenda, ikavunjika na kuikwaruza silinda. Niliyasema hayo huku nikitazama viatu vyangu. Mjomba akataka kujua kama hicho kitabu kimewahi kushika spana. Baba hakucheka. Alisema ringi hizo amezijua kabla sijazaliwa, ila kuuliza si ujinga, twende kwa mzee mchongaji. Mzee akasema mtoto amesema kweli, ila kipimo cha kitabu chake ni cha pistoni za aina nyingine, na tukikifuata injini itakunywa oili kama mgeni anavyokunywa chai ya bure. Akatupa kipimo cha katikati. Jioni hiyo baba alinipa tupa, tukakaa juu ya makreti tukisugua ncha za ringi, tukipima, tukisugua tena. Sikumbuki kama nimewahi kukaa na baba hivyo.

Jumamosi tulilijaribu. Tulilipakia mawe tukaenda mlima ule ule, baba kwenye usukani, mimi katikati, mjomba mlangoni. Tulipofika penye kona turbo ilianza kupiga mluzi, na lori likapanda kana kwamba halina mzigo. Mjomba alishangilia mpaka sauti ikamkauka, akasema hili sasa lifungiwe nyumba nzima lipande nayo. Tulipopita karibu na mtaro baba alikaza macho mbele asiutazame. Kileleni aliliacha lingurume taratibu, maana injini ya turbo haizimwi ghafla, akashuka na kukaa juu ya jiwe, akilipa lori mgongo.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikipaogopa. Lori hili haliandaliwi kwa ajili yako. Baba amekubaliana na mwenye machimbo amwuzie, alichukue kabla hujarudi. Nilimsikia akimweleza mjomba. Alisema afadhali umchukie ukiwa hai kuliko akuzike ukimpenda. Aliponiona akaniomba nikuandikie salamu tu na habari za shule.

Sijui nani kati yenu ana haki. Mimi pia huwa naota ule mtaro. Lakini lori ni lako, na siwezi kukuacha urudi ukute doa la oili tu uani, pale lilipokuwa likisimama.

Basi nimefanya jambo. Nimefungua kile kibomba kinachopeleka oili kwenye turbo, nikakificha katika begi langu la shule. Bila hicho turbo itaungua upesi, kwa hiyo niliogopa mtu asije akawasha, nikabandika karatasi kwenye usukani: TAFADHALI USIWASHE, BOMBA LA OILI HALIPO. Sikukumbuka kwamba gereji nzima hakuna mwingine anayeandika "tafadhali".

Baba aliisoma asubuhi. Kisha akaja kunywa chai nami, akaniuliza kama nina mtihani. Kuhusu bomba hajauliza, na karatasi hajaibandua. Mwenye machimbo alipopiga simu, nilimsikia baba akimwambia kuna kifaa kinasubiriwa.

Nadhani si kifaa anachosubiri. Mpigie, mama. Ila usianze kwa kufoka, maana baba akifokewa huhamia kwenye habari za vipuri, na hapo hapatikani tena.

Mjomba anakusalimu sana, na mdogo wangu anakuonyesha jino. Nifikishie shikamoo kwa mama mdogo. Upone vizuri, bila haraka.

Ni mimi akupendaye,
Binti yako mkubwa